Pendekezo la mada kwa kongamano la huduma za wanafunzi: namna ya kuliandika likapita

Ofisi za washauri wa wanafunzi hapa Dar, kuanzia Mlimani hadi Kigamboni, zinafanya kazi ambayo wenzao wa nchi nyingine wangekaa saa nzima kuisikiliza. Kumtafutia pa kulala mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aliyeshuka stendi ya Mbezi usiku na begi lake. Kumfuatilia ambaye bumu, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, limetoka na yeye hajasaini. Kukaa na aliyedisko, yaani aliyeondolewa chuoni kwa kufeli, mpaka apate la kuwaambia nyumbani. Lakini kazi hiyohiyo ikiingia kwenye fomu ya kongamano hugeuka aya ya "changamoto na fursa". Mhakiki anaisoma mara moja, anatoa alama za chini, anahamia inayofuata. Kazi haikuwa mbaya. Andiko ndilo halikujibu swali lake: mtu wa chuo kingine akitoka kwenye kipindi hiki, anaondoka na nini cha kufanya ofisini kwake?

Karibu kila hatua iliyo hapa chini inarudi kwenye swali hilo.

Anza na mwito, mada baadaye

Mwito wa kuwasilisha mada huwa na kurasa ambazo wengi huzipitia juujuu wakitafuta tarehe ya mwisho. Uchapishe, chukua kalamu, uzungushie mambo haya: dhima ya mwaka huo, aina za vipindi na dakika zake, ukomo wa maneno wa kila kisanduku, kama majina ya wawasilishaji yanafichwa kwa wahakiki, na kama mwasilishaji naye analipa ada ya ushiriki. Mara nyingi analipa, na wengi hulijua hilo wakati bajeti ya idara imeshafungwa.

Halafu tafuta vigezo vya kutoa alama. Mikutano mingi huviweka wazi, wakati mwingine kwenye faili la pembeni la maelekezo kwa wahakiki. Huo ndio mtihani umewekwa mezani pamoja na majibu yake. Kama umuhimu wa mada una alama tano na ushirikishaji wa hadhira nao una tano, usitumie maneno 400 kueleza umuhimu kisha ushirikishaji ukaupa sentensi moja ya "kutakuwa na maswali na majibu".

Kwenye fani hii vyama vikubwa vya Marekani ni NASPA, kilichoanza mwaka 1919, na ACPA cha mwaka 1924. IASAS kinawaunganisha watu wa huduma za wanafunzi duniani kote. Anayeandika kwa mara ya kwanza hapotezi kitu akianzia kwenye mkutano wa ndani ya nchi au wa Nairobi na Kampala: fomu ni fupi, hadhira inajua bumu ni nini, na makosa yake hayamgharimu nauli ya ndege.

Tatizo kubwa kwa ofisi za hapa ni kalenda. Mkutano wa mwaka wa NASPA hufanyika mwezi Machi, na mapendekezo hutakiwa miezi mingi kabla, katikati ya mwaka uliotangulia. Hicho ndicho kipindi ambacho wanafunzi wetu wako likizo ndefu au wametawanyika mikoani kwenye mafunzo kwa vitendo, na hosteli zimebaki na wachache. Ukisubiri mwito utoke ndipo uanze kutafuta ushahidi, hutampata wa kumhoji. Dodoso fupi, hesabu za waliohudumiwa na ridhaa za wanafunzi zikusanywe muhula wa pili ukiwa bado unaendelea, hata kama hujui bado utazipeleka mkutano gani.

Saa nayo imewaangusha watu. Tarehe ya mwisho huandikwa kwa saa za mwenye mkutano. Saa 23:59 za mashariki mwa Marekani, kati ya Machi na mwanzoni mwa Novemba, ni saa 12:59 asubuhi ya kesho yake hapa Dar; miezi mingine ni saa 1:59 asubuhi. Saa 23:59 za Afrika Kusini ni saa 6:59 usiku kwetu. Kuna mikutano inayohesabu kwa saa za mahali pa mwisho duniani siku inapoisha, yaani saa 12 nyuma ya saa za dunia. Hapo 23:59 inakuwa saa 8:59 mchana wa kesho yake. Wanaoandika saa kumi na moja jioni za mashariki mwa Marekani wanamaanisha saa 6 kamili usiku wetu, majira hayohayo ya Machi hadi Novemba. Andika saa ya Dar kwa kalamu nyekundu juu ya karatasi ya mwito, kisha jiwekee mwisho wako saa 48 kabla ya hapo. Mwezi Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Tanzania ilizorota kwa siku kadhaa. Mfumo wa kupokea mada hauna habari na mambo hayo.

Chagua aina ya kipindi kabla hujaandika

Ofisi nyingi huandika kwanza, kisha hutafuta kisanduku cha kulitumbukiza andiko. Ni kinyume. Kipindi cha kawaida cha dakika 50 au 60 kinataka jambo lililokwisha kufanyika na lina matokeo ya kuonyesha. Warsha ya dakika 90 hadi saa tatu inataka washiriki watengeneze kitu kwa mikono yao. Jopo linataka watu watatu au wanne wenye misimamo inayotofautiana. Wakiwa wote wa idara moja wanaokubaliana, si jopo tena, ni kikao cha idara. Meza ya duara inafaa kwa swali ambalo hata wewe huna jibu lake. Bango linafaa kwa mradi mchanga, na mara nyingi ndilo lenye nafasi nyingi za kukubaliwa. Wengi hulidharau. Mbele ya bango unazungumza na mtu mmojammoja aliyekuja kwa hiari yake, na mazungumzo ya namna hiyo ndiyo yanayozaa ushirikiano na mialiko.

Mada moja, tatizo moja

"Huduma za wanafunzi katika vyuo vikuu Tanzania: hali ilivyo, changamoto na mustakabali" ni jina la taarifa ya tume, haliwezi kuwa kipindi cha dakika 60. Kata mpaka ubaki na tukio moja linalojirudia ofisini kwako, kundi moja la wanafunzi, na hatua mliyochukua. Kubebana hosteli, yaani kulala wawili kitanda kimoja kwa kukosa nafasi, ni mada. Mwanafunzi anayerudi baada ya kuahirisha mwaka kwa ugonjwa ni mada. Dawati la jinsia linapopokea lalamiko Ijumaa jioni na ofisi zote zimefungwa, hiyo pia ni mada, tena nzuri.

Jina la kipindi lionyeshe kitu kinachoshikika, na lisizidi maneno kumi au kumi na mawili hata fomu ikiruhusu zaidi. Kwenye ratiba iliyochapishwa majina marefu hukatwa, na mshiriki anayechagua chumba cha kuingia anasoma maneno manne ya mwanzo tu.

Ikisiri: hapa ndipo pa kulala na kuamka

Mikutano mingi hutaka maelezo mawili: mafupi ya kuchapishwa kwenye ratiba, mara nyingi kati ya maneno 50 na 100, na marefu ya kusomwa na wahakiki, maneno 250 hadi 500 au zaidi. Anza na marefu. Ukianza na mafupi utaishia kuyavuta kama ubani.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa dawati la mikopo. Mara nyingi ikisiri huanza hivi:

"Ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi ina jukumu kubwa la kuhakikisha ustawi wa wanafunzi chuoni. Katika dunia ya leo ya sayansi na teknolojia, wanafunzi wanakabiliwa na changamoto mbalimbali zikiwemo za kifedha. Mada hii itajadili changamoto hizo na kutoa mapendekezo kwa wadau ili kuboresha huduma."

Hakuna uongo humo, ila hakuna habari. Ungeweza kulitoa neno "wanafunzi" ukaweka "wakulima" na aya ikabaki vilevile. Mhakiki hajui nani alifanya nini, wala kama kuna chochote kilichofanyika. Maneno "itajadili" na "wadau" yanamwambia kwamba mwandishi bado hajaamua atasema nini. Sasa lisome andiko hilohilo baada ya kuandikwa upya:

"Fedha ya chakula na malazi ambayo Bodi ya Mikopo inawapa wanafunzi hutolewa kwa awamu, na mwanafunzi asiyesaini kwa wakati anaweza kukaa wiki kadhaa akila kwa kukopa. Chuoni kwetu, chuo cha umma katika jiji la pwani ya Afrika Mashariki, majina ya ambao hawajasaini yalikuwa yakibandikwa ubaoni. Wengi hawakuyaona, na wengine waliona aibu kujitokeza. Tulibadilisha utaratibu: kila ambaye hajasaini hutumiwa ujumbe mfupi wa simu unaomtajia dirisha na jina la afisa wa kumwona, asipofika ndani ya siku tatu hupigiwa, asipopatikana hutafutwa kupitia msimamizi wa hosteli, bila msimamizi huyo kuambiwa sababu. Tutaonyesha ujumbe wenyewe, daftari la ufuatiliaji, na mahali utaratibu ulipokwama: namba za simu zilizobadilika tangu siku ya usajili. Washiriki watachora mtiririko wa kuwafikia wanafunzi wao wasiojitokeza, kwa huduma yoyote yenye tarehe ya mwisho."

Angalia ilivyopangwa. Sentensi ya kwanza inamfafanulia mgeni bumu ni nini, bila kutumia neno lenyewe. Ya pili inaeleza mahali bila kutaja chuo. Katikati kuna hatua tatu ambazo mtu anaweza kuziiga. Kisha kuna kilichokwama, na hilo watu huogopa kulisema wakidhani linapunguza alama. Kwa kawaida linaziongeza, kwa sababu linamhakikishia mhakiki kwamba kazi ilifanyika kweli. Sentensi ya mwisho inaipeleka mada kwa mtu ambaye nchini kwake hakuna Bodi ya Mikopo wala kusaini, lakini ana wanafunzi wanaokosa chanjo, bima au usajili kwa kutojitokeza. Bila sentensi hiyo, kipindi kinaonekana cha Tanzania tu, na mhakiki wa Ohio anakiweka pembeni.

Weka na matokeo kwa namba zako halisi: waliosaini muhula wa kabla na muhula wa baada, kwa siku zilezile. Kama namba hazijakomaa, sema ni za muhula mmoja. Asilimia bila idadi haifai. "Asilimia 80" ya wanafunzi watano ni wanafunzi wanne.

Nadharia inatakiwa na mikutano mingi, hasa ya Marekani. Moja inatosha, na ifanye kazi. Nadharia ya mpito ya Schlossberg, kwa mfano, inaweza kukusaidia kueleza kwa nini mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hajitokezi dirishani. Lakini majina ya wananadharia watano yakipangwa mstari mmoja hayaelezi chochote. Kwa kazi za bara hili, jarida la Journal of Student Affairs in Africa limekuwa likitoka tangu 2013 na linasomwa bure mtandaoni; mhakiki akiona umesoma wenzako wa Afrika, anajua hukuokota rejea dakika ya mwisho.

Kuhusu lugha: mikutano mingi ya fani hii hupokea Kiingereza. Andika kwanza kwa Kiswahili, kama unavyomweleza afisa mpya wa ofisini, ili mawazo yakae sawa. Kisha andika upya kwa Kiingereza ukiwa umefunika nakala ya Kiswahili. Kwa ukomo wa maneno 250, rasimu ya Kiswahili isizidi kama 170, maana Kiingereza kitavimba. Mpe mtu wa idara nyingine kabisa, uhasibu au maktaba, aisome na akwambie kwa sentensi moja kipindi kinahusu nini. Akishindwa, tatizo si lake.

Malengo ya washiriki

Fomu itakutaka malengo matatu au manne: mshiriki ataweza kufanya nini baada ya kipindi. "Kuelewa", "kufahamu" na "kutambua umuhimu" huandikwa sana na hazisaidii, kwa sababu hakuna anayeweza kuona mtu akifahamu. Tumia vitenzi ambavyo matokeo yake yanaonekana: ataorodhesha, atatofautisha, ataandika, atachora, atakadiria gharama. Kwa mfano wetu: "Mshiriki ataandika ujumbe mfupi wa herufi zisizozidi 160 unaomwita mwanafunzi bila kufichua sababu." Lengo hilo linapimika papo hapo chumbani. Matatu ya namna hiyo yanatosha kwa dakika 60. Ukiandika saba, mhakiki anajua huwezi kuyafikia.

ACPA na NASPA wana orodha yao ya pamoja ya maeneo kumi ya umahiri wa kitaaluma, iliyohuishwa mwaka 2015, na fomu zao huuliza kipindi chako kinaangukia lipi. Chagua moja au mawili. Dawati la mikopo linaingia kwenye ushauri na usaidizi, pengine na teknolojia. Kutia alama kwenye yote kumi ni sawa na kutochagua.

Dakika kwa dakika

Hata fomu isipouliza mgawanyo wa muda, uweke. Kwa kipindi cha dakika 60:

- Dakika 5: utangulizi, na swali moja la kunyoosha mikono
- Dakika 10: tatizo na mazingira yake
- Dakika 15: tulichofanya, pamoja na nyaraka zenyewe
- Dakika 20: washiriki wafanye kazi wawiliwawili
- Dakika 10: maswali

Kinachoharibika kila mara ni zile dakika 10 za mazingira. Mwasilishaji anaanza na historia ya chuo, anapita kwenye muundo wa kurugenzi na mishale yake, anamalizia na dira na dhamira. Akitazama saa, dakika 25 zimekwenda na zoezi limekufa. Slaidi 12 hadi 15 zinatosha. Muundo wa kurugenzi uache Dar.

Zoezi nalo lielezwe: washiriki watapewa nini mkononi, watafanya nini, watamwonyesha nani. "Majadiliano shirikishi" halimwambii mhakiki kitu.

Utambulisho na siri za wanafunzi

Kama uhakiki ni wa kufichana majina, kutofuta jina la chuo kunaweza kulitupa pendekezo kabla halijasomwa. Jina la chuo ndilo rahisi kulikumbuka. Yanayosahaulika ni yanayolifichua kwa mlango wa nyuma. "Chuo kilichopata hadhi ya chuo kikuu mwaka 1970" ni Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kila mtu anajua. "Hosteli za Mabibo" ni hivyohivyo, na "serikali ya wanafunzi, DARUSO" pia. Andika "hosteli iliyo nje ya kampasi", "serikali ya wanafunzi". Faili lenyewe nalo hubeba jina lako ndani yake: kwenye Word, fungua sehemu ya taarifa za faili, tumia kikaguzi cha nyaraka, futa jina la mwandishi, ndipo uhifadhi kama PDF. Jina la faili lisiwe jina lako la ukoo.

Jambo la wanafunzi ni zito zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Kisa cha ushauri nasaha hakiwi salama kwa kubadilisha jina tu. "Binti wa mwaka wa tatu, uhandisi wa madini, mwenye ulemavu wa kusikia": darasa zima limeshamjua. Ama upate ridhaa yake ya maandishi inayotaja kongamano na picha au sauti zitakazotumika, ama uchanganye visa kadhaa kuwa kimoja na useme wazi kwamba umefanya hivyo. Picha za mwanafunzi dirishani au hosteli, ziache kama huna ridhaa. Na kama kazi yako ina dodoso au mahojiano unayoyaita utafiti, kibali cha maadili cha chuo kipatikane kabla ya kukusanya, kwa sababu hakitolewi kwa kurudi nyuma.

Wenzako kwenye jukwaa

Pendekezo la vyuo viwili lina nguvu kuliko la kimoja, kwa kuwa linaonyesha utaratibu umefanya kazi nje ya ulipozaliwa. Hapa mjini hilo halihitaji hata nauli kubwa. DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) na CBE (Chuo cha Elimu ya Biashara) zote ziko kando ya Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kubalianeni mapema nani anajaza fomu, nani anazungumza dakika zipi, na nani anabaki kama fedha ikitosha mtu mmoja.

Mwanafunzi kama mwasilishaji mwenza huongeza uzito, ila piga hesabu: wa mwaka wa mwisho leo, Machi ijayo si mwanafunzi wako tena, na chuo huenda kisimlipie. Chukua wa mwaka wa pili.

Majina yote yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi na kwa mpangilio uleule. Barua ya mwaliko hutolewa kutoka kwenye fomu hii, na jina lililopishana na la pasipoti linakuletea maswali kwenye maombi ya viza. Angalia pia kama kila mwenza anatakiwa kufungua akaunti na kuthibitisha kwa baruapepe. Pendekezo huonekana limekamilika kwako wakati kwenye mfumo bado linamsubiri mwenzako ambaye hajafungua baruapepe tangu Jumatatu.

Kujaza na kutuma

Usiandike moja kwa moja kwenye fomu. Mifumo mingi hukutoa ukikaa kimya muda mrefu, na umeme ukikatika hapo kazi imepotea. Andika kwenye faili lako, kisanduku kwa kisanduku, ukiwa na hesabu ya kila kimoja. Hakikisha wanahesabu maneno au herufi. Kama ni herufi, mara nyingi nafasi nazo zinahesabiwa. Nakili kwanza kwenye kihariri cha maandishi matupu, ndipo ubandike kwenye fomu, la sivyo alama za nukuu na vistari vya Word hutokea kama viulizo na vijisanduku. Mifumo mingine hukata yaliyozidi bila kukuambia, kwa hiyo soma mstari wa mwisho wa kila kisanduku baada ya kubandika.

Weka baruapepe mbili ikiwezekana, ya chuo na ya binafsi, kwani sanduku la chuo likijaa jibu halikufikii. Ukishatuma subiri ujumbe wa uthibitisho wenye namba ya pendekezo. Usipokuja ndani ya saa chache, tazama kwenye barua taka, kisha ingia kwenye mfumo uone kama hali yake ni "limetumwa" au bado "rasimu". Hifadhi PDF ya ulichotuma.

Jibu likija

Likikubaliwa, soma tarehe ya kuthibitisha na ya kujisajili, kwa sababu nafasi huchukuliwa na mwingine ukipitisha. Siku hiyohiyo omba barua ya mwaliko na andika dokezo kwa mkuu wako lenye ada, nauli, posho na kile ofisi itakachokipata. Mtumishi wa chuo cha umma anahitaji pia kibali cha kusafiri nje, na jalada hilo hupita meza nyingi. Lifuatilie masijala mwenyewe badala ya kusubiri kuitwa. Kama ada inalipwa kwa kadi, uliza benki yako mapema kama kadi imefunguliwa malipo ya mtandaoni na ya fedha za kigeni. Mikutano ya taasisi za umma za hapa nchini hulipwa kwa kontroli namba, na namba hiyo ina tarehe ya kuisha.

Likikataliwa, omba maoni ya wahakiki kama hayakuambatishwa, na uyasome kwa utaratibu. "Haieleweki ni kwa nani" maana yake hukutaja hadhira: wakurugenzi, washauri nasaha au wasimamizi wa hosteli. "Muktadha ni finyu" maana yake ulikosa ile sentensi ya kuivusha mada nje ya Tanzania. "Maelezo zaidi ya mbinu yanahitajika" maana yake umeandika matokeo bila kusema mlimhesabu nani na lini. Hayo yote yanarekebishika kwa nusu siku, na pendekezo likaenda mkutano mwingine.

Ukiambiwa linafaa zaidi kuwa bango, kubali. Uliza ukubwa na kama ni la kusimama au la kulala. A0 ni milimita 841 kwa 1189, na ubao wao huenda ukawa wa kulala wakati wako ni wa kusimama. Lichape hapa Dar, kwenye kitambaa kama utapata, maana kitambaa kinakunjwa kwenye begi la mkononi na karatasi inataka mrija ambao baadhi ya mashirika ya ndege yatauhesabu kama mzigo wa pili. Maandishi ya mwili yasipungue pointi 24, ili mtu aliyesimama hatua mbili mbele yake asome bila kuinama.